Shajara ya mradi: vishikwambi 18, chungwa na pishi

Jumamosi, 18 Januari 2025

Kasha limefunguliwa leo ofisini. Vishikwambi ni 20, viwili havishiki chaji, kwa hiyo tuna 18. Pamoja navyo imekuja Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, ikiwa tayari na Kolibri. Hii ni programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Masomo yanapakuliwa mara moja, yanakaa kwenye kompyuta ile, na kishikwambi chochote kilicho karibu kinayafungua kwa Wi-Fi ya humo humo darasani. Kwa shule yetu hapa Muheza, ambako mtandao unakuja na kuondoka, hilo limetufaa sana.

Darasa la nne ndilo litakaloanza. Lina mikondo miwili, kila mmoja wanafunzi 48. Hawa ndio waliouanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu, Januari 2024, na walimu wao bado wanajifunza kuusoma muhtasari wake, yaani kitabu kinachoeleza nini kifundishwe katika somo na namna gani.

Waliotuletea vifaa walitaka tujaze fomu ya malengo. Rasimu ya kwanza ilisema: "Kuongeza matumizi ya TEHAMA katika ufundishaji." Nimeomba tuifute. Kutumia kitu si lengo. Hakuna mkulima anayeandika kwamba lengo lake mwaka huu ni kuongeza matumizi ya jembe. Tukaukunjua muhtasari wa Hisabati juu ya meza tukausoma safu kwa safu: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, mbinu, vigezo vya upimaji, zana, vipindi. Mwalimu wa taaluma akaweka kidole kwenye safu ya zana.

"Basi vishikwambi vyetu vinaingia hapa?"

"Ndiyo, hapo."

"Kumbe viko mbali hivi kutoka mwanzo."

Tukakubaliana kwamba kila tunapotaka kuvitoa kabatini tutaanzia safu ya kwanza na kusogea kulia, mpaka tuvifikie kwa haki. Mada tuliyochagua ni sehemu, yaani namba kama nusu, theluthi na robo. Kila mwaka ndiyo inayowaacha watoto wengi njiani.

Jumatatu, 27 Januari

Kabla ya kuwasha kifaa chochote nimewauliza wanafunzi mmoja mmoja, nje, chini ya mwembe: nikikupa theluthi moja ya chungwa au robo ya chungwa hilo hilo, utachagua ipi ili upate kubwa? Nikawaonyesha pia kwenye karatasi, 1/3 na 1/4. Zaidi ya nusu wamechagua 1/4. Sababu waliyonipa karibu wote ni moja: nne ni kubwa kuliko tatu.

Watoto hawa hawa wanatumwa dukani kila jioni. Wanajua robo kilo ya sukari. Wanajua saa mbili na robo, wanajua saa tatu kasorobo. Neno robo liko midomoni mwao tangu hawajaanza shule, ila halijawahi kukutana na ile alama yenye moja juu na nne chini. Naandika hili kwa herufi kubwa kwenye daftari langu, kwa sababu nadhani mradi wote umelala hapa.

Jumatano, 12 Februari

Wiki mbili za mazoezi zimekwisha. Tulivipanga vishikwambi kwa zamu, mtoto mmoja kifaa kimoja, dakika 20 kila mtu. Mazoezi ya sehemu yanakuja moja moja: swali, majibu ya kuchagua, alama ya kijani au nyekundu, swali linalofuata. Ukipata kadhaa mfululizo unapewa nyota na zoezi linahesabiwa limekamilika.

Darasa limekuwa kimya kuliko nilivyowahi kuliona. Mwalimu Mkuu alipita dirishani akatabasamu. Kwenye ukurasa wa mwalimu nyota zilikuwa zinajaa, na mimi mwenyewe nilifurahi.

Leo nimekuja na machungwa. Muheza machungwa si tatizo. Nimewaita wanafunzi watatu wenye nyota zote, nikaweka machungwa mawili mezani na kisu nikakishika mimi. "Gawaneni sawasawa, mniambie nikate wapi." Wamesimama. Mmoja akasema haiwezekani, machungwa ni mawili na wao ni watatu. Wa pili akasema nikate kila chungwa nusu, kisha akaona vipande ni vinne, akanyamaza. Wa tatu alianza kulia kidogo, nikaacha.

Baadaye msichana mmoja wa mkondo B aliniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, usipojua unabonyeza, ikikataa unabonyeza nyingine. Ile ya kijani unaikumbuka kesho." Alikuwa ananisaidia, hakuwa anakiri kosa. Alikuwa amejifunza kweli kile ambacho kifaa kilikuwa kinamfundisha.

Ijumaa, 21 Februari

Nimerudi kwenye madaftari yangu ya chuo cha ualimu. Nadharia za ujifunzaji tulizisoma kwa ajili ya mtihani: utabia ni huyu, ujengaji wa maarifa ni yule, orodhesha sifa nne. Sikuwahi kudhani nitazihitaji kuelewa mashine.

Mwaka 1953 mwanasaikolojia B. F. Skinner alitembelea darasa la binti yake huko Massachusetts, Marekani. Lilikuwa darasa la nne, na somo lilikuwa hesabu. Aliona watoto wanafanya maswali bila kujua kama wamepata mpaka baadaye sana, na wote wanalazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja, anayejua anasubiri na asiyejua anaachwa. Akarudi nyumbani akatengeneza mashine ya kufundishia, na mwaka uliofuata akaionyesha hadharani. Swali dogo, jibu, matokeo papo hapo, hatua inayofuata. Kila mtoto na mwendo wake.

Nikiliangalia zoezi la Kolibri naiona mashine ile ile. Vioo na rangi vimebadilika, mpango ni ule ule. Sharti la kutovuka hatua mpaka umeiweza lina asili yake pia: mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliliandikia mwaka 1968, kwamba karibu kila mtoto anaweza kufikia umahiri akipewa muda wa kutosha na kusahihishwa njiani.

Nataka niwe mwadilifu kwa Skinner. Alichokiona mwaka 1953 nakiona mimi kila siku. Madaftari 48 nayasahihisha usiku kwa taa, na mtoto analiona kosa lake kesho yake akiwa amekwisha kusahau alikuwa anafikiri nini. Kifaa kinachomjibu hapo hapo ni msaada mkubwa. Jedwali la kuzidisha, majina ya sehemu, kusoma saa: mambo haya yanahitaji kurudiwa mpaka yatoke yenyewe, na hapo nitaitumia mashine bila kusita.

Lakini muhtasari wetu hauombi hivyo tu. Unaomba mtoto atumie sehemu katika maisha yake, aeleze, agawe. Kwa hiyo mkononi nina mtaala unaosema mtoto hujenga maarifa mwenyewe kwa kutenda, na programu inayoamini kwamba mtoto hujengwa kwa jibu sahihi na tuzo. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya lile kasha kulikuwa na mwalimu mwingine, mwenye msimamo wake kuhusu namna mtoto anavyojifunza, na kwamba nilimkabidhi darasa langu kwa wiki mbili bila kumhoji.

Jumatano, 5 Machi

Tumebadilisha mpango. Wanafunzi watatu, kishikwambi kimoja: vifaa 16 kwa mkondo, viwili vinabaki vya akiba. Mmoja anashika kifaa, mmoja anasema, mmoja anaandika. Anayeshika haruhusiwi kubonyeza mpaka wenzake wawili wakubali na msemaji atoe sababu. Kila swali la tatu wanabadilishana kazi.

Mazoezi ya kuchagua tumeyaweka kando kwa sasa. Tunatumia kielelezo cha sehemu kutoka PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka mmoja kabla. Humo mtoto anaongeza au kupunguza idadi ya vipande na duara linagawanyika mbele yake, namba nayo inabadilika pembeni. Hakuna nyota. Swali naliandika mimi ubaoni: "Tafuteni sehemu iliyo kubwa kuliko robo lakini ndogo kuliko nusu. Mkipata moja, tafuteni nyingine."

Kelele zilikuwa nyingi. Mwalimu Mkuu alikuja mlangoni.

"Mwalimu, kuna usalama humu?"

"Upo, Mkuu. Karibu uwasikilize."

Aliingia akainama kwenye kikundi cha nyuma. Mvulana mmoja alikuwa anamwambia mwenzake: "Ukiongeza namba ya chini vipande vinakuwa vidogo, si vikubwa! Angalia, angalia, nakata tena." Mwenzake akakataa, wakakata tena, akakubali. Mkuu alikaa mpaka kengele.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alifariki mwaka 1934, hakuwahi kuona kompyuta, lakini ndiye aliyeniongoza kwenye mpangilio huu. Alisema kuna anachoweza mtoto peke yake na kuna anachoweza akishikwa mkono, na kwamba mafundisho yanafaa kulenga nafasi iliyo kati ya hivyo viwili. Katika darasa la 48 mkono wangu haufiki kila mahali. Mkono wa mwenzake aliyeelewa jana unafika. Nilidhani uhaba wa vifaa ndio tatizo letu la kwanza. Leo nimeona kwamba hata wangeniletea 48, ningevigawa kwa watatu watatu.

Jumatano, 19 Machi

Umeme umekatika siku tatu. Betri za vifaa zimeisha, kompyuta imezimika. Tumekunja karatasi: nusu, robo, thumni. Kipindi kimekwenda vizuri. Naandika hili kwa sababu kati ya siku zangu za kazi zilizokwenda vizuri zaidi mwezi huu, mbili hazikuwa na umeme.

Alhamisi, 3 Aprili

Baada ya Idd. Mwanafunzi mmoja aliniambia nyumbani kwao wametoa zaka ya fitri ya mchele, kila mtu pishi moja, na yeye ndiye aliyesaidia kupima kwa kibaba cha bibi. "Vibaba vinne, pishi moja. Kwa hiyo kibaba ni robo, Mwalimu?" Aliuliza hivyo tu, akiwa anaondoka kwenda kucheza. Nilibaki pale pale na chaki mkononi. Miezi miwili natafuta daraja kati ya robo ya dukani na robo ya ubaoni, kumbe liko jikoni kwa bibi yake.

Shule inafungwa kwa mapumziko mafupi. Nitalirudia hili.

Jumatano, 14 Mei

Wamekuja wageni kutoka kwa waliotusaidia. Ni watu wema na wamesikiliza. Swali lao kubwa lilikuwa kwa nini hatukuomba vifaa zaidi ili kila mtoto awe na chake, ajifunze mwenyewe, nyumbani na shuleni. Nimewajibu kwa kirefu na nataka jibu hilo libaki hapa pia.

Wazo hilo lilijaribiwa katika mkoa wetu huu. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 vya Tanga, kwa watoto karibu 3,000, kwa kushirikiana na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali. Kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchajia kwa jua. Mwalimu hakuwepo katika mpango. Programu ndiyo iliyofundisha. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Kitkit School na onebillion waligawana tuzo ya dola milioni 10.

Ni kazi ya kuheshimiwa. Mtoto aliyepata kusoma jina lake kijijini ambako hakuna darasa amepata kitu ambacho hakuna mwenye haki ya kukidharau. Lakini swali la shindano lile lilikuwa: mtoto atajifunzaje pasipo mwalimu? Swali letu ni jingine. Mwalimu yupo, muhtasari upo, wenzake 47 wapo. Ukichukua jibu la swali lile ukalileta hapa, unamketisha kila mtoto peke yake katikati ya watu.

Nikawapa na mfano wa jirani zetu. Huko Kisumu, Kenya, mradi wa PRIMR ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika kufundisha kusoma madarasa ya chini: kuwapa waratibu wanaotembelea walimu, kuwapa walimu, au kuwapa wanafunzi visomeo vya kielektroniki. Njia zote zilisaidia na hazikuachana sana kwa matokeo. Kwa gharama zilipishana mno, na kifaa cha mwanafunzi ndicho kilichokuwa ghali. Tusome, mpango uliofuata nchini kote kuanzia 2015, uliweka vishikwambi mikononi mwa maofisa wanaokaa na walimu darasani na kuwashauri. Kwa hiyo kama kuna fedha ya ziada, nimewaomba, itulipie siku mbili za walimu wa shule jirani kuja kukaa nyuma ya darasa letu na kuona.

Walipoondoka, mwalimu mstaafu anayeishi nyuma ya shule alinipigia hodi. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaniitikia na kuketi. Alikuwa amesikia habari za wageni. Akanisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ya elimu ya afya kwa njia ya redio. Redio ilikuwa moja, watu wanaizunguka, lakini kazi ilianza redio inapozimwa: kitabu cha kikundi kinafunguliwa, kiongozi wa kikundi anauliza "kwetu hapa choo kiko wapi, maji tunachota wapi?", kisha wanatoka na majembe. Karibu watu milioni 2 walishiriki nchini. "Sisi hatukuuliza kila mtu ana redio," alisema. "Tuliuliza kila redio ina kikundi?"

Miaka 52 imepita. Nimeinakili kauli yake ukurasa wa kwanza wa azimio la kazi.

Jumatano, 16 Julai

Likizo ya Juni nilisoma habari za mtafiti wa elimu Idit Harel, na mradi umepinda kona.

Harel alikuwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, miaka ya 1980, pamoja na Seymour Papert. Papert alizaliwa Afrika Kusini, akafanya kazi na mwanasaikolojia Jean Piaget huko Geneva, kisha akashiriki kuiunda Logo mwaka 1967, lugha ya kuiamuru kompyuta ambayo kwayo mtoto anamwelekeza kobe wa kwenye skrini achore. Imani yake ilikuwa kwamba mtoto hujifunza kwa kina zaidi anapotengeneza kitu cha kuonwa na wengine. Harel aliipeleka imani hiyo kwenye shule ya umma mjini Boston. Aliwaomba wanafunzi wa darasa la nne watengeneze, kwa Logo, programu za kuwafundisha sehemu watoto wa chini yao. Wakaingia kazini karibu kila siku kwa miezi kadhaa, na mwishoni walizielewa sehemu kuliko madarasa yaliyofundishwa kwa kawaida.

Darasa la nne, tena sehemu. Kama ningeambiwa niandike mfano wa kunifaa, nisingeandika ulio karibu zaidi.

Hatuna muda wa kufundisha Logo, na sidhani tunaihitaji. Kila kishikwambi kina kamera na kinasa sauti. Kazi tuliyowapa vikundi ni hii: tengenezeni somo la dakika tatu kwa ajili ya darasa la tatu, mada moja ya sehemu, kwa Kiswahili chenu, kwa vitu vya kwenu. Kwanza waandike kwenye karatasi: mwanafunzi wa darasa la tatu atakosea wapi? Swali hilo ndilo moyo wa kazi. Mtoto aliyeniambia Januari kwamba 1/4 ni kubwa sasa ameandika kwa mkono wake: "Atafikiri nne ni kubwa kwa hiyo robo ni kubwa. Tumwonyeshe."

Nikalirudia la pishi. Yule mvulana wa Idd ameleta kibaba cha bibi yake, cha bati, na bibi mwenyewe akaja siku ya pili kuhakikisha kinarudi. Tulimpa kiti. Akawaeleza: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi. Watoto wakaandika chini yake: 1/4, 1/2, 1. Mmoja akauliza nusu ya kibaba inaitwaje na darasa zima likakokotoa: thumni ya pishi. Nikawapa na majina mengine ambayo lugha yetu inayo, humusi, sudusi, ushuri, wakayashangaa kama waliofunguliwa stoo ya nyumbani kwao wenyewe.

Kisha msichana wa kikundi cha nne akauliza: "Bibi, na theluthi ya pishi?"

Bibi akacheka. "Hiyo haipimwi."

"Kwa nini?"

Hapo nilijizuia kusema. Kipindi kilikuwa kinaisha na nilikuwa na jibu mdomoni. Wakapiga hesabu: vibaba vinne kwa watu watatu, kila mtu kibaba kimoja, kinabaki kimoja. Kile kimoja ukigawe tena kwa watatu. Kwa hiyo theluthi ya pishi ni kibaba kimoja na theluthi ya kibaba, na ile theluthi bado haipimwi! Wamekwenda nayo nyumbani. Ni machungwa mawili kwa watu watatu, yale yale ya Februari, yamerudi kwa mlango mwingine, na safari hii hakuna aliyelia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua kosa letu na ni la kwangu.

Niliwapa karatasi tupu niwaone wakichora: duara, ligawe sehemu tatu, tia kivuli mbili. Wengi wamelikata kwa mistari miwili iliyosimama, kipande cha kati kinene, vya pembeni vyembamba. Wakaandika 2/3 bila wasiwasi. Miezi yote hii kile kielelezo cha PhET kimekuwa kinawakatia vipande vilivyo sawa kabisa. Hawakuwahi kulazimika kufikiri usawa, kwa sababu skrini iliwafikiria. Na usawa wa vipande ndio maana yenyewe ya sehemu.

Katika kukunja karatasi, mikono inagombana na usawa. Katika kupima mchele, mtu anakung'uta kibaba na kusawazisha kwa kiganja. Kwenye kioo, kazi hiyo imeondolewa kwa nia njema. Kuanzia leo kila kielelezo kinatanguliwa na karatasi au kamba au nafaka. Nimewaomba walimu wa mikondo yote waandike kwenye andalio la somo, mbele ya zana, mstari mmoja: kifaa hiki kinamfanyia mtoto kazi gani, na je, ndiyo kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe?

Mstari huo umetuchelewesha kila andalio na sijuti.

Jumatatu, 22 Septemba

Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne uko Oktoba. Kikao cha leo kilikuwa kigumu. Mwalimu wa mkondo B anataka turudi kwenye mazoezi ya kuchagua mpaka siku ya mtihani. Hoja yake ina uzito: mtoto atakaa peke yake, na karatasi, na saa ukutani. Hakuna kikundi, hakuna kibaba cha bibi. Wazazi watauliza alama na halmashauri itauliza wastani.

Siwezi kumpinga kwa kusema mtihani si kitu. Kwa mtoto wa hapa ni kitu. Mtaala unaposema umahiri na upimaji unaposema dakika na alama, anayesimama katikati ni mwalimu, na mwalimu huyo ana familia za watoto 48 zinazomtegemea.

Tumekubaliana hivi. Vipindi viwili kwa wiki ni vya mazoezi ya Kolibri, mtoto mmoja mmoja, na maswali tunayaandika wenyewe kama jaribio ndani ya programu, kwa lugha na mtindo wa mtihani. Baada ya kila jaribio tunafungua ukurasa wa mwalimu, tunaangalia swali lililowashinda wengi, na hilo ndilo linaloingia kwenye vikundi kesho yake. Mashine ya Skinner inatuonyesha panapovuja na majadiliano yanaziba. Nimeona afadhali nadharia mbili zinazojuana kazi kuliko moja inayojifanya inatosha. Mwalimu wa mkondo B amekubali, akaongeza sharti zuri: mtoto aandike hesabu yake kwenye daftari kabla ya kubonyeza. Tumelipitisha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tanga mjini kutafuta mtandao wa kutosha. Nilizipandisha video za watoto kwenye Kolibri Studio, nikaunda chaneli ya shule, kisha nikaishusha kwenye kompyuta yetu. Video ni 27. Nyingine zina sauti ya kuku. Moja imeanza mara tatu kwa sababu msemaji alicheka, na wenyewe walisisitiza ibaki hivyo.

Leo darasa la tatu wamezitazama, watatu watatu. Niliketi karibu na kikundi kilichofungua ile ya pishi. Msichana wa kikundi cha nne anaonekana akimimina mchele, anasema kibaba ni robo, kisaga ni nusu, anaonyesha alama kwenye kadi. Mwishoni anaiangalia kamera na kusema: "Theluthi ya pishi bibi alisema haipimwi. Sisi tumeipigia hesabu. Ninyi mwipime."

Watoto watatu wa darasa la tatu wakaangaliana. Mmoja alitaka kurudisha video nyuma. Mwingine akasema, "Acha, weka chini," akaenda kwenye kona ya zana akarudi na ndoo ya mchanga, kopo la maziwa na chupa tatu za maji tupu zinazolingana. Wakajaza makopo manne. Wakaanza kumimina kwenye chupa zile, kidogo kidogo, wakiziinua mbele ya macho kulinganisha. Kishikwambi kilikuwa kimezima kioo chenyewe pembeni yao.

Kengele ilipolia chupa mbili zilikuwa zimelingana na ya tatu ilipungua kidole kimoja. Wameomba mchanga usimwagwe. Nimeziandika chupa majina yao, nimezipanga juu ya kabati, na Jumatatu kipindi cha kwanza nimewaachia wao.